Shoti ya Umeme Kichwani: Ilikozikwa na Ilikofufuka

Agosti 1954, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Friern, kaskazini mwa London, muuzaji wa bidhaa aitwaye John Bolam alilazwa chali ili apigwe shoti ya umeme kichwani. Alikuwa na sonona. Hakupewa dawa ya kulegeza misuli, wala hakufungwa. Alishikiliwa kidevu, wauguzi wakasimama pande zote mbili za kitanda asije akaanguka, kisha mashine ikawashwa. Mwili ukakakamaa, ukarukaruka kwa degedege, na ulipotulia nyonga zote mbili zilikuwa zimeharibika. Vichwa vya mifupa ya mapaja vilisukumwa kwa nguvu mpaka vikapasua vikombe vya nyonga vinamokaa.

Bolam alikwenda mahakamani. Kesi iliposikilizwa mwaka 1957 madaktari bingwa walipanda kizimbani wakapingana: hawa wakasema dawa ya kulegeza misuli ni lazima, wale wakasema nayo ina hatari ya kuua, afadhali mgonjwa aachwe hivihivi. Hakuna aliyekuwa amemwambia Bolam kwamba mifupa inaweza kuvunjika. Jaji McNair aliliambia jopo la raia kuwa daktari hahesabiwi mzembe akiwa amefuata utaratibu unaokubaliwa na madaktari wa kuaminika wa fani yake, hata kama wapo wengine wasioukubali. Jopo likaipa hospitali ushindi. Kanuni hiyo ikavuka bahari pamoja na sheria za Kiingereza, na hata leo wakili wa Nairobi akiwa na kesi ya uzembe wa daktari, iwe ya upasuaji au ya uzazi, huenda akasimama na kulitaja jina la Bolam. Pengine si wote wanaolitaja wanaojua kwamba nyuma yake yuko mtu aliyeingia hospitalini na huzuni akatoka na nyonga mbovu.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu tiba hiyo iliyomvunja Bolam. Wengi hudhani ilikwisha kitambo, ikazikwa pamoja na minyororo na vyumba vya giza. Haikuzikwa. Siku yoyote ya kazi wapo watu Stockholm, Bengaluru na New York wanaoamka bila kunywa hata chai kwa sababu wanakwenda kupigwa umeme, na wengi wao wametia sahihi kwa mkono wao. Ziko nchi ambako tiba hii imepungua mpaka ikakaribia kwisha, na ziko nchi ambako imeshamiri. Anayezilinganisha kwa makini ataona kwamba kilichoamua hatima yake si mashine. Ni sindano inayotangulia mashine, na swali analoulizwa mgonjwa kabla ya sindano.

Habari yenyewe ina mizizi Budapest. Mwaka 1934 daktari Mhungari, Ladislas Meduna, alianza kuwadunga wagonjwa wake kafuri, baadaye dawa iitwayo Cardiazol, ili wapatwe na degedege kwa makusudi. Aliamini kuwa kifafa na skizofrenia havikai nyumba moja, kwamba kimoja kikiingia kingine hutoka. Imani hiyo haikuwa sahihi, lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya kweli, hasa wale waliokuwa wameganda, hawasemi, hawali, hawageuki kitandani. Tabu ilikuwa Cardiazol yenyewe. Baina ya kuchomwa sindano na kuanza kwa degedege mgonjwa alipita katika hofu ya kufa, akiwa na fahamu zake zote, na aliyeionja mara moja hakutaka kuiona tena.

Ugo Cerletti, bingwa wa magonjwa ya akili katika chuo kikuu cha Roma, alitaka njia ya haraka kuliko hiyo. Msaidizi wake, Lucio Bini, akaunda mashine ya umeme. Walichohofia ni kuua mtu. Cerletti akasikia kwamba machinjioni mjini humo nguruwe walikuwa wakiuawa kwa umeme, akaenda kujionea. Akakuta wachinjaji wanawabana nguruwe kichwani kwa koleo kubwa lenye umeme, nguruwe wanaanguka kwa degedege, kisha wanachinjwa wakiwa hawajitambui. Kumbe umeme haukuua, kilichoua ni kisu. Nguruwe aliyeachwa bila kuchinjwa aliinuka baada ya muda akaenda zake.

Aprili 1938 wakapata mtu. Polisi walikuwa wamemwokota kwenye kituo cha treni cha Roma, anazurura, anasema maneno yasiyoeleweka, hana ndugu wa kumsemea. Shoti ya kwanza ilikuwa ndogo, haikuleta degedege. Madaktari wakasimama pale pale wakijadiliana kama waongeze. Yule bwana, ambaye maneno yake yalikuwa hayashikiki, akawasikia, akawaambia kwa lugha iliyoeleweka kabisa kwamba wasirudie. Wakarudia. Kwa maelezo ya Cerletti mwenyewe, baada ya shoti kumi na kitu mgonjwa aliruhusiwa kutoka akiwa na akili yake, ingawa baadaye maradhi yalimrudia. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, tiba hii ilikuwa na pande zake mbili: mtu alipata nafuu, na mtu huyohuyo alikuwa amesema hapana.

Ilienea upesi kwa sababu ya kawaida kabisa: ilikuwa rahisi. Mashine ilibebeka mkononi, haikuhitaji dawa za gharama, na hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zimefurika maelfu ya watu wasio na tiba nyingine. Lothar Kalinowsky, daktari wa Berlin aliyewakimbia Wanazi akafanya kazi karibu na Cerletti, aliipeleka Ufaransa, Uingereza, kisha Marekani. Kilicho rahisi hakikosi kutumiwa vibaya. Walipigwa umeme wenye sonona, wenye skizofrenia, wenye ghasia, na hata wale ambao kosa lao lilikuwa kuwasumbua wahudumu wa wodi. Ubaya huo haukukomea miaka ya 1940. Katika hospitali ya Lake Alice, New Zealand, miaka ya 1970, watoto walipigwa umeme wakiwa macho, wengine miguuni na sehemu nyingine za mwili zisizohusiana na ubongo, kama adhabu. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba yale yalikuwa mateso.

Barani Afrika mfano unaogusa zaidi ni wa Frantz Fanon. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake kilichotafsiriwa kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, lakini si wote wanaokumbuka kwamba alikuwa daktari wa akili, na kwamba katika hospitali ya Blida, Algeria, alikoanza kazi mwaka 1953, yeye mwenyewe aliwatibu watu kwa shoti za umeme. Mjini, polisi na wanajeshi wa Ufaransa walikuwa nao wakitumia umeme, kuwatesa Waalgeria ili waseme. Katika sura inayohusu vita vya ukoloni na maradhi ya akili, Fanon anawaeleza watu waliopita katika mikono hiyo: walikuwa wanaogopa kugusa swichi ya taa, wanaogopa simu, wanaogopa hata kuwasha redio. Kwa mgonjwa kama huyo daktari hakuthubutu hata kuitaja tiba ya umeme. Kifaa cha tiba na kifaa cha mateso vilikuwa vimefanana mno.

Mporomoko ulianza na kidonge. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wa akili chlorpromazine, dawa ambayo wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Largactil. Zikafuata dawa za sonona. Sasa daktari alikuwa na jambo la kuandika kwenye cheti badala ya kuita mashine. Kisha zikaja siasa. Mwaka 1972 Seneta Thomas Eagleton aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa urais wa chama cha Democratic nchini Marekani, ikafichuka kuwa aliwahi kutibiwa sonona kwa umeme, na baada ya siku 18 akajiondoa. Mwaka 1975 ikatoka filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest, iliyopigwa katika hospitali halisi ya akili mjini Salem, Oregon. Jack Nicholson anaonekana akishikwa na kundi la wahudumu na kupigwa umeme akiwa macho, kama adhabu ya ukaidi. Filamu ilizoa tuzo tano kuu za Oscar. Ni filamu nzuri, na kwa sifa ya tiba hii ilikuwa msiba, kwa sababu mamilioni ya watazamaji waliipokea kama taarifa ya habari wakati riwaya ilikotoka ilikuwa ya mwaka 1962, na hospitali nyingi za Marekani zilikuwa zimekwishaanza kuwalaza wagonjwa usingizi kwanza.

Takwimu zinaonyesha kishindo chake. Mwaka 1975 wagonjwa 58,667 walipewa tiba hii katika hospitali za Marekani. Mwaka 1980 walikuwa 31,514. Mwaka 1982 wapiga kura wa mji wa Berkeley, California, waliipiga marufuku kabisa kwa kura, na ilibidi mahakama iingilie kati kuiondoa marufuku hiyo. Italia, nyumbani kwa Cerletti, ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1978 iliyotokana na harakati za daktari Franco Basaglia iliamuru hospitali kubwa za vichaa zifungwe, na katika hali hiyo mpya shoti ya umeme ilionekana kuwa mabaki ya zama zilizolaaniwa. Leo Mwitaliano anayeihitaji ana vituo vichache tu vya kwenda katika nchi nzima.

Ni nini basi kilichoifufua kwingine? Hebu msikilizaji amfuate mgonjwa mmoja wa siku hizi, wa hospitali inayofuata utaratibu.

Tangu usiku wa manane hajala. Asubuhi anaulizwa kama ana meno ya bandia, anayavua. Analala kwenye kitanda cha magurudumu, anachomwa kanula mkononi, anabandikwa nyaya za kupima mapigo ya moyo na nyingine kichwani za kupima umeme wa ubongo. Pembeni yake yuko daktari wa usingizi, na kwa kweli huyu ndiye mwenye chumba. Anasukuma dawa ya usingizi kwenye mshipa, na mgonjwa anapotea kabla hajahesabu mpaka kumi. Hapo muuguzi anafunga mkanda wa kupimia presha juu ya kifundo cha mguu mmoja na kuujaza hewa mpaka damu isipite. Dawa ya pili inaingia, ya kulegeza misuli, inaenea mwili mzima isipokuwa ule mguu uliofungwa. Mpira unatiwa mdomoni kulinda meno na ulimi. Elektrodi mbili zilizopakwa jeli zinakandamizwa kichwani. Umeme unapita kwa mapigo mafupi mno, kila moja la sehemu ya elfu moja ya sekunde au pungufu, na mfululizo wote hauzidi sekunde chache. Mwili mzima umetulia. Ni vidole vya ule mguu uliofungwa tu vinavyochezacheza, na daktari anavitazama huku akihesabu: sekunde 30, sekunde 40, mara nyingine dakika nzima. Vikiacha, degedege limekwisha. Oksijeni inaendelea kupita. Baada ya dakika chache mgonjwa anafungua macho, anaulizwa jina lake, yuko wapi, na leo ni siku gani. La siku ndilo humshinda. Si muda mrefu baadaye anakunywa chai.

Hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kawaida mara 6 hadi 12 kwa jumla. Vifo vimekuwa haba mno: uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu takribani vifo viwili katika kila shoti 100,000, idadi isiyotofautiana sana na hatari ya nusukaputi peke yake katika upasuaji mdogo.

Je, inatibu? Mwaka 2003 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio ya miaka mingi, yakiwemo yale ambamo nusu ya wagonjwa walilazwa usingizi bila kupigwa umeme wowote na wenyewe wasijue. Waliopigwa walipata nafuu zaidi ya wasiopigwa, na zaidi ya waliomeza dawa peke yake. Kwa sonona kali, hasa ile inayomfanya mtu asikie sauti zikimlaani au aamini kwamba matumbo yake yameoza, matokeo ni ya haraka kuliko kidonge chochote. Kwa mgonjwa aliyeganda, aliyekataa chakula na maji, tofauti inaweza kuonekana baada ya shoti chache. Ni sonona ya namna hiyo, ya mtu aliye karibu kujiua au kufa kwa njaa, ambayo madaktari wanaikusudia wanapoitetea tiba hii. Jinsi inavyofanya kazi ndani ya ubongo bado ni mjadala. Linalokubalika ni kwamba bila degedege nafuu haipatikani.

Wapinzani nao wana hoja, na si hoja za filamu. Majaribio yale ya kulinganisha na usingizi mtupu yalifanywa kabla ya miaka ya 1990, mengi yakiwa na wagonjwa wachache. Nafuu yenyewe haidumu bila ulinzi. Mwaka 2001 Harold Sackeim na wenzake wa New York waliwafuatilia kwa miezi sita wagonjwa waliokuwa wamepona kwa umeme: waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, asilimia 84 waliugua tena, waliopewa dawa ya sonona pamoja na lithiamu, asilimia 39. Anayepigwa shoti kisha akaachwa aende nyumbani mikono mitupu amefanyiwa nusu ya kazi.

Halafu iko kumbukumbu. Hili ndilo jeraha halisi la tiba hii, na kwa miaka mingi madaktari walilipuuza. Mwaka 2003 watafiti wa London walikusanya maelezo ya wagonjwa wenyewe, wakakuta kwamba angalau mmoja kati ya watatu anasema amepoteza kumbukumbu moja kwa moja. Mara nyingi zinazopotea ni za miezi ya karibu na matibabu, lakini kwa wengine ni za miaka: harusi ya mtoto, safari, kazi waliyokuwa wakiifahamu. Ernest Hemingway, aliyetibiwa hivyo katika kliniki ya Mayo kati ya mwaka 1960 na 1961, alilalamika kwamba wamemharibia kumbukumbu, yaani mtaji wake wa uandishi. Julai 1961 alijiua. Kwa upande wa pili yuko Kitty Dukakis, mke wa aliyekuwa mgombea urais wa Marekani mwaka 1988, aliyeanza kutibiwa mwaka 2001 baada ya miaka ya sonona na ulevi. Alikiri kwamba amepoteza kumbukumbu nyingi, akaandika kitabu kuitetea tiba hiyohiyo, na akaendelea kuitumia kwa miaka mingi. Watu hao wawili hawapingani. Kila mmoja alikuwa na cha kupoteza tofauti.

Ukirudi kwenye takwimu, dunia haiendi upande mmoja. Uingereza imezidi kushuka. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 1999, wagonjwa 2,835 walipewa tiba hii nchini England, theluthi mbili yao wakiwa wanawake. Siku hizi hesabu ya mwaka mzima ni ya maelfu machache tu, katika kliniki ambazo chama cha madaktari wa akili huzikagua na kuzipa ithibati. Sweden, yenye watu takribani milioni 10, huwatibu karibu watu 4,000 kwa mwaka, na karibu kila shoti huingizwa kwenye daftari la taifa, kwa hiyo Waswidi wanaweza kusema nani alipona, nani alirudi, na nani alilalamikia kumbukumbu. Daftari hilo lina thamani kuliko hotuba zote za kuitetea au kuilaani.

Marekani imejaa utata wa namna nyingine. Zamani umeme ulikuwa wa maskini waliofungiwa hospitali za serikali. Sasa mteja wake wa kawaida ni mzungu, mara nyingi mwanamke wa makamo au mzee, mwenye bima nzuri, anayetibiwa katika hospitali ya chuo kikuu. Texas, ambako tangu mwaka 1993 sheria inazitaka hospitali ziripoti kila mgonjwa na inakataza kuwapiga umeme walio chini ya miaka 16, imeonyesha sura hiyo mwaka baada ya mwaka. Tiba iliyokuwa adhabu ya wanyonge imegeuka kuwa huduma ambayo wanyonge hawaifikii. Kejeli hiyo haijapata mtu wa kuitengenezea filamu.

Asia picha ni kinyume. Ambako Ulaya mgonjwa ni bibi kizee mwenye sonona, huko mara nyingi amekuwa kijana wa kiume mwenye skizofrenia, na kwa miongo mingi hospitali nyingi zilimpiga akiwa macho. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile siku zote: daktari wa usingizi hayupo, na mgonjwa hawezi kusubiri. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2005 kwamba umeme bila nusukaputi na bila dawa ya kulegeza misuli ukomeshwe. India, baada ya mabishano makali baina ya madaktari wake, iliandika marufuku hiyo katika sheria ya afya ya akili ya mwaka 2017, ikaongeza kwamba mtoto hawezi kutibiwa hivyo bila idhini ya mlezi na ya bodi maalumu. Walikuwepo madaktari wa heshima waliosema sheria hiyo itawaua wagonjwa wa vijijini. Hoja yao inasikitisha kuliko inavyoshawishi. Hospitali isiyo na daktari wa usingizi haimpasui mtu tumbo ikaita tiba, na mgonjwa wa akili hastahili pungufu ya hapo.

Na huku kwetu? Afrika Mashariki ina hospitali kongwe za akili. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, Butabika ya Kampala ilifunguliwa miaka ya 1950, na majina hayo yamekuwa matani ya mitaani: mtu akiropoka, atakuta wenzake wanamtafutia nauli ya Mirembe. Nyuma ya matani hayo kuna swali la kitaalamu ambalo ni la wahudumu kuliko la mashine. Chama cha kimataifa cha madaktari wa usingizi kinataka kila nchi iwe na wataalamu hao angalau watano kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika hazifikishi hata mmoja. Hao wachache wanagombewa na vyumba vya upasuaji, wodi za uzazi na majeruhi wa bodaboda. Mgonjwa wa akili husimama mwisho wa foleni hiyo. Mtu anayeamua leo kuinunulia hospitali mashine mpya ya umeme bila kuajiri wa kumlaza mgonjwa anainunulia hospitali hiyo kesi ya Bolam.

Sheria angalau zinasogea. Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022, ikaweka ndani yake haki ya mgonjwa kukubali au kukataa matibabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatamka kwamba kifungu kinachomtia hatiani mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba. Kwa wanaougua sonona kali hilo si jambo dogo: hadi juzi, mtu ambaye kwingine angelazwa na kutibiwa, Kenya angeweza kukutwa kituo cha polisi.

Na yupo mshindani mpya anayefahamika vizuri kila hospitali ya wilaya. Ketamini, dawa ya usingizi ya bei ndogo inayotumika kila siku kwenye upasuaji wa dharura, imegundulika kuwa ikitolewa kwa kiasi kidogo inaweza kuinua mtu kutoka kwenye sonona. Mwaka 2022 watafiti wa Sweden waliilinganisha na umeme kwa wagonjwa waliolazwa: umeme uliponya watu asilimia 63, ketamini 46. Mwaka uliofuata Wamarekani wakafanya jaribio lao kwa wagonjwa zaidi ya 360, wengi wao wanaotoka nyumbani na wasio na dalili za kuchanganyikiwa, na mambo yakageuka: ketamini iliwasaidia asilimia 55, umeme 41, na kumbukumbu za waliopewa ketamini hazikuguswa sana. Matokeo hayo mawili yanapatana ukiangalia nani alitibiwa. Kwa mwenye sonona kali isiyoambatana na kuchanganyikiwa, ketamini inaonekana kutosha. Kwa aliyeganda, au anayesikia sauti, au aliyekataa kula, umeme bado hauna mpinzani. Ketamini nayo inataka usimamizi, kwani inapandisha presha na inaweza kuleta uraibu. Lakini tayari iko kabatini, na kwa nchi zetu hilo ni jambo la kuwafanya wizara ya afya na vyuo vikuu wakae kitako wafanye utafiti wao, badala ya kungoja matokeo ya watu wa Boston na Lund.

Mpaka hapo, msikilizaji, ikitokea siku ukaitwa ofisini ukaonyeshwa fomu ya kumruhusu mama, kaka au mwanao atibiwe kwa umeme, uliza mambo haya kabla hujashika kalamu. Je, yeye mwenyewe ameulizwa, na amejibu nini? Nani atamlaza usingizi, na ana sifa gani? Atapewa dawa ya kulegeza misuli? Oksijeni ipo chumbani? Zitakuwa shoti ngapi, na nani atampima kumbukumbu katikati? Zikiisha atatumia dawa gani ili ugonjwa usirudi? Usipojibiwa, usitie sahihi. Ukijibiwa yote, na mgonjwa wako hali, hanywi, hasemi, usimnyime tiba kwa sababu ya Jack Nicholson.